Vifaa vya Hisabati vya nyumbani madukani Mtwara na Lindi: cha kununua, cha kuacha na cha kujitengenezea

Ukiingia duka la steshenari Mtwara mjini au Lindi mwezi Januari, vifaa vya Hisabati ndivyo vilivyotundikwa mlangoni: abakasi za rangi, mabango ya kuzidisha, saa za plastiki, mikebe ya bikari na rula. Vingi vimetoka Kariakoo, na vingi hununuliwa kwa macho. Mzazi amekuja na hela ya sare na madaftari, anaona rangi, mtoto anavuta mkono, kitu kinaingia mfukoni. Mwezi wa pili kipo juu ya kabati.

Tumevipima kwa swali moja tu: je, kifaa hiki kinamlazimisha mtoto kuonesha njia aliyopita, au kinampa jibu? Mtoto anayekosa hesabu mara nyingi si mvivu wala si mzito. Ana njia yake kichwani, na njia hiyo ina kosa mahali fulani. Kifaa kinachofichua hilo kosa kina thamani hata kama kimeokotwa uani. Kisichofichua ni pambo.

Tuanze na abakasi, kwa kuwa ndiyo inayonunuliwa zaidi. Ile ya dukani ina waya 10 zilizolala, kila waya shanga 10, jumla 100. Kwa mtoto wa awali anayejifunza kuhesabu hadi 100, inafaa kabisa. Tatizo linaanza pale mtoto anapofika kwenye thamani ya nafasi, kwa sababu abakasi inayochorwa vitabuni na ubaoni ni nyingine: ina nguzo zilizosimama, nguzo ya mamoja, ya makumi na ya mamia. Shuleni akiambiwa aoneshe 34 anaweka shanga 3 kwenye makumi na 4 kwenye mamoja. Nyumbani, kwenye ile ya dukani, 34 ni waya 3 nzima na shanga 4. Zote mbili ni sahihi, lakini hakuna anayemweleza kwamba ni mashine mbili tofauti, na mtoto anaishia kuhesabu shanga mojamoja kwenye zote. Ukiinunua, chezesha kila shanga kabla ya kulipa. Waya zikiwa zimepinda shanga hukwama, na mtoto hupoteza hesabu katikati.

Abakasi ya nguzo ni kazi ya jioni moja. Tafuta kipande cha ubao cha sm 25 kwa sm 8, kinene kiasi cha kushika kijiti. Toboa matundu 3 yanayoachana sm 7. Kusanya vifuniko 27 vya chupa za maji, na mtu mzima avitoboe katikati kwa msumari uliopashwa moto, tundu liwe pana kuliko kijiti ili kifuniko kishuke chenyewe. Vijiti vya mwanzi vilivyochongwa vinatosha. Njiti za mishikaki huvunjika upesi. Sasa zingatia kipimo hiki, maana ndicho kinachofundisha: panga vifuniko 9 kwenye kijiti, kisha kata kijiti pale kifuniko cha 9 kinapoishia. Kifuniko cha 10 kisipate pa kukaa. Mtoto akijumlisha 8 na 5 kwenye mamoja, nguzo itajaa na vifuniko vitabaki mkononi. Hapo analazimika kutoa vifuniko 10 na kuweka kimoja kwenye makumi. Hakuna mwalimu aliyemwambia "andika tatu, weka moja akilini". Nguzo yenyewe imekataa. Vifuniko vyote viwe rangi moja, kwa sababu ukiweka buluu kwa mamoja na nyekundu kwa makumi, mtoto atajifunza kwamba rangi ndiyo inayobeba thamani, wakati kinachobeba ni nafasi.

Lakini kabla hata ya abakasi kuna kitu ambacho pwani hii hatununui: chelewa, zile njiti za ukuti wa mnazi. Fagio moja jipya la chelewa linatoa vijiti 100 vya sm 10 bila shida. Kata, lainisha ncha kwa msasa au kwenye sakafu ya saruji, kisha funga mafungu ya 10 kwa mipira ya kufungia noti. Mafungu 9 yabaki yamefungwa, vijiti 10 viachwe huru. Kwa kutoa, hakuna kifaa cha dukani kinachofikia hiki.

Tazama kosa hili linalojirudia kwenye madaftari ya darasa la pili na la tatu: 52 kutoa 27, jibu 35. Mtoto ametoa 2 kwenye 7 kwa sababu ndivyo inavyowezekana, kisha 2 kwenye 5. Ukimwambia "umesahau kukopa", atakopa kesho na kusahau keshokutwa, maana kukopa kwenyewe hakuna maana kwake. Jirani anakopwa halafu halipwi. Mpe chelewa. Aweke mafungu 5 na vijiti 2. Mwambie atoe vijiti 7. Ataangalia vijiti 2, atakuangalia wewe. Nyamaza. Wengi, wakiachwa kimya kwa nusu dakika, hufungua mpira wa fungu moja wenyewe. Sasa ana mafungu 4 na vijiti 12. Anatoa 7, vinabaki 5. Anatoa mafungu 2, yanabaki 2. Jibu ni 25, na kila hatua ameishika kwa mkono. Baada ya hapo tumia neno la dukani: kuchenji. Noti ya elfu kumi ukiichenji haijakopwa, imebadilishwa sura tu, na mtoto anayetumwa dukani analielewa hilo siku hiyohiyo.

Hatua inayovunja wengi ni sifuri ya katikati: 503 kutoa 268. Funga mafungu 10 pamoja upate mia moja. Kwa swali hili fanya mamia matano kwa michoro ya miraba, chelewa ziwe kwa ule mmoja unaofunguliwa. Mtoto anataka kijiti, anakwenda kwenye makumi, hakuna kitu. Aende kwenye mia, afungue yawe makumi 10, achukue kumi moja alifungue yawe mamoja 10. Mamia yamebaki 4, makumi 9, mamoja 13. Jibu 235. Wanaokosa hapa huandika makumi 10 badala ya 9, kwa kuwa wameruka hatua ya pili. Kwenye karatasi kosa hilo halionekani, kwenye chelewa linaonekana wazi.

Swali linaloulizwa sana ni kama korosho zinafaa kuhesabia, maana zimejaa nyumbani kuanzia Oktoba. Hapana. Ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayochoma ngozi, na mtoto mdogo hutia kitu mdomoni. Zitumieni korosho kwenye maswali, kuhesabia tumieni mbegu za ukwaju au maharage.

Daftari la mirabamiraba linastahili hela yako kuliko vitu vingi vilivyotundikwa mlangoni. Tarakimu moja, mraba mmoja. Makosa mengi ya kujumlisha namba za tarakimu nne ni safu zilizopinda tu. Pitisha kalamu ukurasa wa mwisho dukani. Wino ukitokea upande wa pili, chukua jingine.

Bango la kuzidisha: likaguliwe kabla ya kulipia, kwani yapo yenye makosa ya uchapaji. Angalia 6×9=54, 7×8=56, 11×12=132 na 12×12=144. Likipita, bado lina udhaifu wake. Mtoto huimba tebo kutoka juu, "saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne", na akiulizwa 7×8 peke yake inabidi aanze upya kutoka mwanzo. Anajua wimbo, hajui kuzidisha.

Badala yake tengeneza kadi za boksi la sabuni. Na si nyingi. Kati ya 1 na 10, ukiondoa tebo za 1, 2, 5 na 10 ambazo watoto huzishika mapema, na ukikumbuka kwamba 4×7 na 7×4 ni kitu kimoja, zinabaki kadi 21 tu. Ishirini na moja. Mzazi akilijua hilo na mtoto akalijua, mlima unageuka kichuguu. Swali mbele, jibu nyuma, changanya, kadi 5 kwa siku. Aliyoipata mara tatu mfululizo kwa siku tofauti inatoka kwenye rundo na kurudi baada ya wiki moja. Akikwama 7×8, usimpe jibu. Muulize 7×7 ni ngapi, kisha aongeze 7.

Sasa vitabu vya mitihani iliyopita, vile vya kurudufu vyenye majibu nyuma. Hapa tuna maneno mengi kwa sababu hapa ndipo hela nyingi za wazazi zinapopotea kuanzia darasa la nne. Maswali yenyewe ni mazuri. Kinachoharibu ni matumizi. Mtoto anapewa maswali arobaini Jumamosi, anazungushia herufi, mzazi anasahihisha kwa ukurasa wa nyuma, anaandika alama juu. Hakuna aliyejifunza lolote. Aliyebahatisha amepata tiki na aliyekosea hajui kwa nini. Isitoshe majibu ya nyuma huwa na herufi zilizokosewa, na mtoto aliyepata sawa huambiwa amekosa, akaiacha njia iliyokuwa sahihi.

Kitabu hicho kinunuliwe, kisha kifanyiwe hivi. Bana kurasa za majibu kwa stepla. Funika machaguo kwa karatasi mtoto asome swali tupu. Maswali 3 kwa siku, si arobaini: moja aliloweza wiki iliyopita, moja alilokosea, moja jipya. Dakika 20 zinatosha, baada ya kurudi chuoni (madrasa) na kabla ya chakula cha usiku, mwanga ukiwa bado upo. Siku nne kwa wiki zinashinda Jumamosi nzima, kwani kukumbuka jambo baada ya kulilaza siku mbili ndiko kunakolikaza.

Maswali ya mafumbo ndiyo yanayotenganisha watoto. Wengi wamefundishwa kuwinda maneno: ukiona "jumla" jumlisha, ukiona "zaidi" jumlisha, ukiona "baki" toa. Jaribu hili kwa mtoto wa darasa la tatu au la nne: Asha ana embe 12. Ana embe 5 zaidi ya Juma. Juma ana embe ngapi? Mtoto hodari wa kuwinda maneno atajibu 17 kabla hujamaliza kusoma.

"Mama, kumi na saba."

"Nani ana nyingi, mwanangu, Asha au Juma?"

"Asha."

"Asha ana ngapi?"

"Kumi na mb… aa."

Mama huyo hakuhitaji kujua Hisabati. Alirudisha macho ya mtoto kwenye habari. Kisha mtoto achore: mstari mrefu wa Asha uandikwe 12, chini yake mstari mfupi wa Juma, pengo kati yao liandikwe 5. Mchoro ukikaa vizuri, kutoa kunajionesha kwenyewe. Mzazi yeyote, hata aliyeishia darasa la pili, anaweza kuuliza maswali manne kila siku: Swali linataka nini? Umeambiwa nini? Nichoree. Jibu lako linaingia akilini? Kalamu ibaki mkononi mwa mtoto. Mzazi akiichukua, somo limehama.

Hilo la nne husahaulika. Chukua swali la huku kwetu: Bakari ana magunia 3 ya korosho, kila gunia kilo 80. Kilo 12 zimeonekana mbovu zikatolewa. Zilizobaki wamegawana ndugu 4 sawasawa. Kila mmoja amepata kilo ngapi? Kabla ya kuandika, mtoto akadirie: magunia yote ni kilo 240, kwa ndugu 4 ni 60, na kwa kuwa kuna mbovu zimetoka, jibu lazima lipungue 60 kidogo. Kisha afanye: 240 kutoa 12 ni 228, gawa kwa 4 ni 57. Akipata 60 kamili atajua ameziruka zile 12. Akipata 237 atajua ametoa 3, yaani amegawa mbovu badala ya nzima. Kadirio limefanya kazi ya msahihishaji.

Kuna kosa jingine ambalo vitabu hivi havilisemi, na linatoka kwenye lugha yetu yenyewe. Kiswahili kinamsaidia mtoto hadi 19, kwani "kumi na tatu" inajieleza: kumi, na tatu. Kuanzia ishirini, thelathini, arobaini, msaada huo unakatika. Lazima aambiwe kwamba thelathini ni makumi 3. Kwenye maelfu ndiyo mtego kamili. "Elfu kumi na tano" ni 15,000, lakini mtoto anayeandika anavyosikia huandika 10,005. "Elfu kumi na mia tano" ni 10,500. Msomeeni namba kwa imla, tano kwa siku, aziandike kwenye mirabamiraba zenye vichwa vya nafasi juu. Tumieni bei: debe la mahindi, bati, nauli ya kwenda Masasi.

Saa ya plastiki ya kujifunzia ina maswali mawili ya kuijaribu dukani. Zungusha mshale mrefu mzunguko mmoja. Mshale mfupi usiposogea kutoka namba moja hadi inayofuata, iache. Zile ambazo kila mshale unakwenda kivyake humfundisha mtoto kuweka saa mbili na nusu huku mshale mfupi ukiwa umekaa palepale kwenye namba, na saa ya ukutani haifanyi hivyo. La pili, kumbuka mshale mfupi ukielekea 8 sisi tunasema saa mbili. Mtoto wa shule ya mchepuo wa Kiingereza anasoma hivi shuleni na vile nyumbani, basi bandika vipande vya karatasi vyenye namba zetu pembeni.

Na swali la saa la kumpa: basi limeondoka Mtwara saa 12:30 asubuhi, limefika Lindi saa 2:15 asubuhi. Limetumia muda gani? Jibu la kawaida la kukosea ni saa 10 na dakika 15, kwa kutoa namba ndogo kwenye kubwa. Muulize kama kwenda Lindi kunachukua kutwa. Achore mstari: kutoka 12:30 hadi saa 1 ni dakika 30, kutoka saa 1 hadi 2:15 ni saa 1 na dakika 15. Jumla saa 1 na dakika 45.

Mkebe, kwa darasa la tano kwenda juu. Usinunue bila kuufungua. Chora duara kwa bikari; mwanzo na mwisho visipokutana, skrubu imelegea na itazidi. Linganisha rula yake na rula nyingine ya dukani, sm 15 kwa sm 15, kwani zipo zinazopungua milimita kadhaa. Kipimapembe kijaribu kwa kona ya karatasi mpya ya A4: ikisoma pungufu ya 90 au zaidi, mtoto atakosa kila swali la pembe bila kosa lake.

Programu za simu hatuzipendekezi kwa utatuzi wa mafumbo. Nyingi zinapima kasi, zina machaguo, na hazioni daftari. Kwa kukaza tebo zinafaa dakika 10, data ikiwa imezimwa ili matangazo yasiingie. Simu itumike zaidi kusomea vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, hasa kama kitabu cha shuleni hakifiki nyumbani.

Kinachobaki hakiuzwi steshenari, kinapatikana kwa seremala au kinachimbwa mchangani: bao. Mashimo 32, safu 4 za mashimo 8, kete 64. Mtoto akipanga kete 2 kila shimo ameshazidisha 32 kwa 2. Muulize upande wake una kete ngapi, safu moja ina ngapi, nusu ya safu ina ngapi: 32, 16, 8. Kisha mchezo wenyewe. Kabla hajagusa kete, aseme ya mwisho itaangukia shimo lipi, ndipo acheze. Mwanzoni atahesabu kwa kidole hewani. Baada ya wiki chache ataangalia kete 7 mkononi na kutaja shimo moja kwa moja, na wewe utaona kwamba amepanga hatua saba kichwani kabla ya kutenda, kitu kilekile unachokitaka kwenye fumbo la hatua tatu. Kete nzuri ni komwe, zinazokaribiana ukubwa. Zihesabiwe 64 kabla na baada, mtoto mwenyewe ndiye mhesabu, na zifungwe kwenye kopo lenye mfuniko kama nyumbani kuna anayetambaa.